Kiangazi cha Chumvi ya Matango

21 Juni

Naandika kwa sababu nikisema naambiwa nimepaza sauti. Haya, karatasi haitaniambia nikapumzike.

Daktari Rzepecka wa hospitali ya mjini Białystok amenieleza leo kwa upole, na upole wake ndio umeniudhi zaidi. Tezi ya shingoni, hii thairoidi, imeota vinundu na inafanya kazi kupita kiasi bila kuulizwa na mtu. Ndiyo maana moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa, mikono inatetemeka, jasho linanitiririka kanisani wakati wenzangu wamejifunika mitandio, na ninakula kama mkata magogo huku sketi zinanidondoka. Vidonge nitameza kiangazi chote. Mwisho wa Agosti nitapimwa, na nikifaulu nitapewa dawa yenye mionzi ya kuchoma vile vinundu. Ila kuna sharti. Dawa yenyewe ni madini joto, na tezi itaimeza tu ikiwa ina njaa nayo. Ikiwa imeshashiba madini joto ya jikoni, dawa itapita bure.

"Kwa hiyo samaki wa baharini hakuna, Bi Bogna," alisema. "Chumvi yenye madini joto hakuna. Siku za mwisho hata maziwa na mayai uyaache. Na kahawa, kwa ajili ya moyo, iache leo leo."

Nikamuuliza sasa nile nini. Akasema viazi, nyama, mboga, matunda, na nile kwa wingi, maana mwili unajila wenyewe.

Mimi ni dereva wa kreni kwenye kiwanda cha mbao. Nakaa juu ndani ya kibanda cha vioo, magogo yananing'inia chini yangu na watu wanapita karibu na magogo. Mtu wa kutetemeka hapandi kule, na kwa hilo simlaumu mtu. Bwana Klepacki, msimamizi wa zamu, ameahidi kunishikia kiti changu mpaka mwisho wa Septemba. Ikipita hapo anampa mwingine. Nimekitamani kibanda kile tangu nikiwa msichana wa kufagia vumbi la mbao. Sitakipoteza kwa ajili ya kipande cha samaki.

22 Juni

Nimemweleza Mama. Tunakaa nyumba moja, yeye chini, mimi juu, jiko ni moja na ni lake. Nilitoa chumvi yake mezani nikaweka ile ya mfuko mkubwa, ya mawe, tunayochachulia matango. Chumvi nyingine zote dukani zina madini joto, serikali ilishaamua. Hiyo peke yake haina.

"Hiyo ni ya matango, mwanangu," Mama akasema. "Si ya watu."

"Basi kuanzia leo mimi ni tango."

Hakucheka. Aliifungua, akainusa, akaifunga tena. "Shingo inaumwa, halafu wanakunyima madini joto? Sisi mwaka wa lile wingu la mionzi la Chernobyl tulipanga foleni kuyatafuta. Watoto wote wa Poland walinyweshwa."

"Ule ulikuwa ugonjwa mwingine, Mama. Huu wangu unayataka ili uzidi."

"Daktari ana umri gani?"

Nikapanda juu. Nilifunga mlango polepole, kwa makusudi, ili asipate la kusema.

26 Juni

Viazi. Nyama ya nguruwe. Maji moto mahali pa kahawa. Nimemfokea paka.

3 Julai

Bi Genowefa, jirani, ameleta samaki wa kukaushwa kwa moshi, bado wana joto, harufu imejaa mpaka darini. Nikamwambia asante, siruhusiwi.

"Kipande tu, kitakufanya nini?"

"Siruhusiwi, Bi Genowefa."

"Umekonda mpaka unatia huruma. Leokadia, mwanao huyu humlishi?"

Mama alikuwa amesimama pale na taulo mkononi, uso umemwiva kwa aibu. Kumwambia mwanamke wa huku kwamba hamlishi mtoto wake ni kumtukana mbele ya watu. Nilimjibu Bi Genowefa kwamba nalishwa vizuri, kwamba tatizo ni watu wanaokuja na samaki. Akachukua samaki wake akaondoka. Mama hakunisemesha mpaka giza lilipoingia.

9 Julai

Gracjan amekuja na mkewe, akawasha moto wa kuchoma soseji uani. Kaka yangu anauza matairi na anajua kila kitu. Soseji za dukani zina chumvi nisiyoijua, kwa hiyo nilijikatia nyama yangu nikaichoma pembeni.

"Angalieni," akasema, "dada yetu ana jiko lake kama ubalozi."

Wakacheka. Nikamwambia achunge yake. Akainua mikono juu, "Jamani, jamani, si mimi niliyemchokoza, ni tezi inayoongea!" Wakacheka tena, na Mama pia.

Hili ndilo linaloniua. Nikikasirika kwa sababu, ni tezi. Nikikasirika bila sababu, ni tezi. Mtu anaweza kunikanyaga mguu, nikipiga kelele ataniuliza kama nimemeza vidonge.

14 Julai

Matango. Ndoo na ndoo. Vitunguu saumu, majani ya mzizi mkali kama haradali, chumvi ya mawe, mitungi imejaa baraza. Hii ndiyo kazi ninayopenda kuifanya na Mama, kwa sababu mikono inakuwa majini na hakuna anayeona ikitetemeka. Leo hatukugombana. Ameniomba nimwonyeshe tena karatasi ya vyakula, akaisoma yote akisogeza kidole, kisha akasema, "Haya. Nitakupikia mimi. Usihangaike." Nilitaka kumkumbatia, nikaona haya.

17 Julai

Mama amekuwa mwema kupita kiasi. Kila jioni baada ya chakula ananipandishia glasi ya kompoti, maji ya cheri alizochemsha mwenyewe, na anasimama mlangoni mpaka niimalize. "Cheri ziko kwenye karatasi yako," anasema. Kweli ziko. Ni chungu kidogo mwaka huu. Jua lilikuwa kali.

18 Julai

Kompoti. Joto. Sikulala.

23 Julai

Kompoti. Moyo ulidunda mpaka kitanda kikawa kinalia.

30 Julai

Kipimo cha damu kimerudi kibaya kuliko cha Juni. Daktari kaongeza vidonge. Aliniuliza kama navimeza kweli. Nilimwambia mimi huendesha tani za magogo juu ya vichwa vya watu, sisahau kidonge.

Nikafikiri barabarani kote. Samaki sijala. Kahawa sijanywa, na Mungu anajua ninavyoiota. Imebaki mikate. Nikaenda moja kwa moja kwa muoka mikate, nikamuuliza mbele ya foleni anatumia chumvi gani.

"Chumvi ni chumvi," akasema.

"Yenye madini joto au isiyo nayo?"

"Bi Bogna, watu wanasubiri."

Nikamwambia anauza sumu. Sasa najua ilikuwa sentensi kubwa kwa mkate mdogo, lakini niliisema, na wote waliisikia. Jioni Gracjan akapiga simu. Habari ilimfikia kabla sijafika nyumbani.

"Bogna, unatuaibisha. Nenda kapumzike."

Nilimkatia simu. Sili tena chochote kilichopikwa nje ya jiko letu. Mkate nitaoka mwenyewe, na mengine nitakula ya Mama tu.

6 Agosti

Nimeoka. Mgumu. Nimeula wote.

15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria wa Mitishamba. Kanisa zima lilikuwa na mashada, mnanaa, ngano, vichwa vya mbegu za popi, na mimi katikati na jasho langu. Wakati wa baraka miguu ikaishiwa nguvu. Nilikaa chini kwenye sakafu, wanawake wakanipepea kwa mashada yao yaliyobarikiwa. Nikamsikia mmoja akisema, "Rovu hilo la shingoni. Bibi yake naye alikuwa nalo." Mwingine akasema hayo ndiyo anayopata mtu akiacha kula samaki Ijumaa, siku ya kufunga nyama.

Mama alinishika mkono njia nzima. "Utapona," alirudia rudia, "Mama anakuangalia, utapona." Usiku kaniletea kompoti glasi mbili.

17 Agosti

Nimeacha maziwa na mayai. Nakula viazi, viazi, nyama, tufaha, viazi. Nimewachukia wote wanaokula jibini mbele yangu, akiwemo padri.

29 Agosti

Nimerudi kutoka Białystok. Nitaandika polepole kwa sababu kalamu inatoboa karatasi.

Jana walinipa kiasi kidogo cha dawa yenyewe cha kujaribia, leo wakaniweka shingo mbele ya mashine kuona tezi imemeza kiasi gani. Nilikaa wima kama nipo kwenye kibanda. Nilikuwa na uhakika. Nimekula kama mtawa tangu Juni.

Daktari Rzepecka aliingia na karatasi akafunga mlango.

"Bi Bogna, haikumeza. Karibu hakuna kitu kilichoingia."

"Maana yake nini?"

"Maana yake imeshiba. Tumepima na mkojo. Umejaa madini joto. Kwa hali hii siwezi kukupa dawa, itakuwa kazi bure."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamtajia kila kitu nilichokula, mpaka tufaha. Akanisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kiasi hiki hakitoki kwenye chumvi ya mkate," akasema. "Mtu anapata hivi akinywa dawa zake. Vidonge vya mwani, matone, vitu vya mtandaoni. Wagonjwa wengi wanaona aibu kuniambia. Mimi sigombi."

"Unasema nadanganya."

"Nasema nataka kukusaidia."

Nilisimama, kiti kikaanguka. Sikukiangusha, kilianguka. Nesi akafungua mlango kuangalia. Nikaona macho yao mawili mawili yakikutana juu ya kichwa changu, na nilijua wanachoambiana: tezi hiyo. Nilitaka kupiga kelele mpaka vioo vianguke, na nisingeweza kupiga kelele bila kuwathibitishia. Nikaokota kiti. Nikasema asante. Nilisema asante! Nimepewa tarehe nyingine mwishoni mwa Oktoba, ikiwa nitakuwa "mkweli na nafsi yangu".

Oktoba. Kiti changu ni mwisho wa Septemba.

Nyumbani Mama aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaniuliza, "Imejaa kabisa? Na bado unaumwa?" Nikadhani ananionea huruma.

1 Septemba

Nimeitupa chumvi yote ya nyumba hii, ya matango na isiyo ya matango. Nimenusa pilipili manga. Nimesoma maandishi ya dawa ya meno. Nimemshuku Bi Genowefa, nimemshuku muoka mikate, nimeyashuku maji ya bomba. Sijawahi kuwa mpweke hivi ndani ya nyumba yenye watu.

4 Septemba

Nimejua.

Nilishuka mapema kuliko kawaida. Mama alikuwa nje analisha kuku. Mezani alikuwa ameanza kupika ule uji wa matunda tunaoufanya mzito kwa unga wa viazi, unga umemwagika kidogo ubaoni, na pembeni kulikuwa na jagi la kompoti. Nikachukua kitambaa nifute. Katikati ya ule unga mweupe palikuwa na doa la buluu iliyoiva, karibu nyeusi.

Kila mtoto aliyesoma shule huku amewahi kuliona doa hilo. Mwalimu anakata kiazi, anadondosha tone la iodini, hayo hayo madini joto, kiazi kinageuka buluu, darasa linasema aaah. Nilisimama na kitambaa mkononi. Moyo, ambao kiangazi kizima umekimbia bila kazi, safari hii ulikuwa na kazi.

Mama akaingia na bakuli la mayai. Aliniangalia mimi, akaangalia ubao.

"Nini hii, Mama?"

Hakujaribu hata kusema uongo. Aliweka mayai chini, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kichupa cha kahawia akakiweka mezani. Maji ya Lugol, madini joto ya kunywa kwa matone. Yale yale waliyowanywesha watoto mwaka wa wingu. Duka la dawa linauza ya kusukutulia koo, haliulizi.

"Tangu lini?"

"Matone machache tu, mwanangu. Kwenye kompoti."

"Tangu lini!"

"Tangu matango."

Siwezi kuandika yote niliyosema. Nilisema kwamba ameniua kwa kijiko. Nilisema nimeitwa mwongo na daktari, kichaa na muoka mikate, mgonjwa wa akili na mwanawe Gracjan, na yeye alisimama mlangoni kila jioni akihakikisha nimelamba glasi. Nilipiga meza. Mayai mawili yakabingirika yakapasuka sakafuni, na alipoinama kuyafuta nilimwambia ayaache, aniangalie.

Akaniangalia.

"Siku ile shuleni," akasema, "nesi alikuwa na ndoo na kikombe. Ulikuwa na miaka saba. Uliyatema yote kwenye gauni langu. Nesi akauliza, amekunywa? Foleni ilikuwa ndefu, ulikuwa unalia, watu wananitazama. Nikasema amekunywa. Wenzako wote walikunywa. Wewe peke yako hukunywa, na wewe peke yako umeumwa. Nilijua siku moja itakuja. Nimeingoja miaka yote hii, Bogna. Ulipokuja na karatasi yako inayosema usipewe, nikasema daktari mtoto huyu hajui, hajui kwamba hukunywa."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa! Ni mdomo wangu!"

Akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilichukua kichupa, nikamimina kwenye sinki, na sinki limebaki na alama ya kahawia.

5 Septemba

Gracjan amekuja mbio. Mama amempigia.

"Amekosea, sawa. Lakini alifanya kwa upendo. Na wewe ulivyompigia kelele mama mzee, jirani amesikia. Najua si wewe, ni tezi, lakini—"

"Toka."

"Dada—"

"Toka nje, Gracjan, kabla tezi haijashuka ngazi."

Ametoka.

6 Septemba

Nimempigia daktari Rzepecka. Aliniomba radhi, kwa neno lenyewe, bila kulizungusha. Akasema niendelee na vidonge na nisubiri, mwili utayatoa wenyewe. Niliweka simu chini nikalia kuliko nilivyolia kwa yote mengine.

12 Septemba

Nimenunua jiko dogo la umeme. Napika chumbani kwangu. Shayiri, nyama ya bata, karoti. Sishuki.

20 Septemba

Viazi vyangu, sufuria yangu. Chini nasikia akipika kwa ajili ya watu ambao hawapo.

30 Septemba

Kibanda amepewa msichana kutoka Bielsk. Klepacki alinieleza akiwa ameshika kofia. Mimi nitapanga mbao chini, na magogo yatakayopita juu ya kichwa changu ni yeye atakayekuwa anayaendesha. Nilimwambia nimeelewa. Nilitembea mpaka nyumbani, nikapita jikoni bila kumsalimia Mama, ingawa alikuwa amesimama akinisubiri. Alishajua. Huku kila mtu anajua kila kitu isipokuwa kilichomo kwenye glasi yake.

8 Oktoba

Msichana wa Bielsk anageuza magogo kwa haraka mno. Nilitaka kunyamaza. Kisha nimemwambia apunguze. Amenishukuru, na hilo nalo limeniudhi.

25 Oktoba

Tezi imemeza. Daktari alinigeuzia karatasi nione mwenyewe. Damu nayo imetulia, tarakimu zote ziko ndani ya mistari. "Vidonge vimefanya kazi," akasema, "sasa hakuna wa kuvipinga. Unajisikiaje?"

Nikajichunguza. Mikono imetulia. Moyo uko mahali pake. Hasira nayo iko pale pale, nzima, haikupungua hata kidogo. Nikajua basi ni yangu. Nimemwambia najisikia vizuri, na ilikuwa kweli.

4 Novemba

Nimemeza ile dawa. Kidonge kidogo, wamekitoa kwenye mkebe mzito wa madini ya risasi kama kito cha malkia. Nimetakiwa nikae mbali na watu kwa siku kadhaa, nilale peke yangu, nisishike mtoto. Nimefunga mlango wa chumba changu, na kwa mara ya kwanza nina cheti cha daktari cha kuufunga.

6 Novemba

Adhuhuri nilisikia ngazi. Mama anapanda polepole siku hizi, goti linamsumbua. Aliweka kitu sakafuni nje ya mlango.

"Usiingie, Mama. Mionzi."

"Siingii. Ni chapati za viazi. Viazi, vitunguu, mafuta. Chumvi ya matango, mfuko mpya, sijaufungua mimi, nimemwita Genowefa aufungue. Kama hutaki, zimwagie kuku."

Nilisubiri nisikie akishuka. Hakushuka. Nikasikia akikaa kwenye ngazi, na uma ukigonga sahani. Alikuwa anakula za kwake, huko huko nje. Nilifungua mlango kidogo, nikavuta sahani kwa mguu, nikafunga.

Zilikuwa nne. Moto, kingo zimekauka vizuri. Nilizichunguza juu na chini kama mtu wa forodha, na nikiri nilizinusa. Nikala moja. Nikala ya pili. Nikakomea hapo, si kwa sababu nimeshiba.

"Umekula?" akauliza kupitia mlangoni.

"Nimekula mbili."

Maisha yangu yote mwanamke huyu hajawahi kukubali nimrudishie sahani yenye kitu. Nilikaa nikisubiri aseme nimalizie, nimekonda, watu watasemaje.

"Bado una hasira na mimi," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, Mama. Na si tezi."

"Najua." Nikamsikia akijivuta kushika ukuta. "Iache hiyo sahani nje ukimaliza. Zilizobaki nitakula mimi."

Nikaiweka nje. Akaichukua, na kwenye ngazi akaanza kuzila, akisimama kila baada ya hatua chache kwa sababu ya goti.